Kwa nini mbwa haji akiitwa, na namna ya kumfundisha aje

Ndani ya geti mbwa anakuja bila shida. Unamwita mara moja, anafika mkia ukicheza, na wageni wanasifia. Geti likifunguka akavuka barabara kuelekea ufukweni, au akapanda kwenye mawe ya mlimani, hapo unaweza kuita hadi koo likauke. Wenye mbwa wa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, wanalijua jambo hili, na maelezo yanayotolewa mtaani ni mawili: mbwa huyu ana kiburi, au mbwa wa kienyeji hafundishiki, ungetafuta wa kizungu. Yote mawili si kweli, na yamewaletea mbwa wengi fimbo ambazo hawakustahili.

Nianze na hili la ukienyeji. Mbwa tunayemwita koko ndiye mbwa wa kawaida duniani. Wengi wa mbwa wote waliopo hawana ukoo uliochaguliwa na wafugaji kwa rangi au umbo. Wamezaliana wenyewe kando ya makazi ya watu kwa maelfu ya miaka. Kilichowabakiza hai ni kuwasoma watu: nani humwaga makombo, saa ngapi, na nani huokota jiwe. Mnyama aliyepita katika maisha hayo anajifunza kila siku ya Mungu. Shida ni kwamba sisi hatuangalii tunamfundisha nini.

Umuhimu wa jambo lenyewe hauhitaji maneno mengi. Bodaboda hazisimami kwa ajili ya mbwa, na mbwa aliyekatiza mbele ya bodaboda humwangusha pia dereva na abiria wake. Watoto wanaokwenda shule wanaogopa. Majirani Waislamu wengi hujiepusha na mate ya mbwa kwa sababu ya ibada, na ni haki yao kupita njiani bila kurukiwa. Halafu kuna chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku ya chanjo ikitangazwa kwenye kata, utakuta mtu amefika mikono mitupu, mbwa kamshinda kumkamata nyumbani kwake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ukatike. Mbwa asiyekuja kwa mwenyewe ni vigumu kuhesabiwa humo.

Daftari la mbwa

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio aliyofanya kwa paka. Aliwafungia kwenye masanduku ambayo mlango wake ulifunguka mnyama akivuta kamba au akikanyaga kibao mahali panapotakiwa, na nje aliweka chakula. Mara ya kwanza paka alihangaika, akakwaruza kila kona, akatoka kwa bahati. Kila aliporudishwa ndani alitoka upesi zaidi. Thorndike akaiweka kanuni ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kufundisha wanyama: tendo linalofuatwa na jema hurudiwa, na linalofuatwa na baya hufifia.

Mrusi Ivan Pavlov alikuwa akichunguza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Mbwa wake walianza kudondosha mate kabla chakula hakijafika, kwa kusikia tu ishara waliyozoea kuisikia kabla ya kulishwa, kama mlio wa metronomu. Sauti isiyo na maana yoyote ilikuwa imegeuka kuwa habari ya chakula.

Ukimwita mbwa, mambo haya yote mawili yanafanyika kwa pamoja. Sauti yako inabeba hisia ya kile kinachoifuata kila siku, na tendo la kuja linapata faida au hasara. Mbwa anaziweka hizo kumbukumbu kama Mangi anavyoweka daftari la wakopaji wa dukani kwake. Siku unamwita akiwa mbali, daftari ndilo linaloamua, wala hakuna kiburi ndani yake.

Sasa tazama mbwa wa nyumba ya kawaida huitwa kwa ajili ya nini. Alfajiri anaitwa afungwe mnyororo, maana usiku kucha alikuwa huru akilinda. Anaitwa apakwe dawa ya kupe. Anaitwa aogeshwe. Anaitwa achapwe kwa sababu ya kifaranga wa jirani. Chakula, ambacho ndicho kitu pekee kizuri kwenye orodha hiyo, hakimhitaji mwito: sufuria likigonga chini anafika mwenyewe. Kwa hiyo jina lake, likitamkwa kwa sauti kubwa, karibu kila mara linamaanisha kwamba uhuru umekwisha. Kwa hesabu hiyo, mbwa anayesimama hatua ishirini kutoka kwako na kukutazama amefanya uamuzi wa busara kabisa.

Katika yote hayo, linaloharibu zaidi ni kumpiga mbwa aliyechelewa kuja. Umemwita kwa robo saa, hasira imekupanda, hatimaye anafika ameinamisha kichwa, nawe unamkaribisha kwa kofi. Kwako wewe adhabu ni ya ile robo saa. Kwa mbwa, adhabu inashikamana na alichofanya sekunde chache zilizopita, nacho ni kufika miguuni pako. Umemlipa hasara kwa tendo lile lile ulilokuwa ukilitafuta. Kesho atachelewa zaidi, na utasema amezidi ukaidi.

Watu hujibu kwamba mbwa anajua kosa lake, mbona anainamisha masikio na kukwepa macho? Mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima swali hili na kuchapisha majibu mwaka 2009. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kitafunwa kisha wakatoka chumbani. Waliporudi, wengine waliambiwa ukweli na wengine waliambiwa mbwa amekula ilhali hakula. Ule uso wa hatia ulitokea mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula. Anachokisoma mbwa ni uso na sauti yako. Anapokujia ameinama, anakuomba usimdhuru; hakiri kosa la asubuhi.

Ziwa nalo linalipa

Mwanza ina jambo lake ambalo vitabu vya mbwa vya Ulaya havilijui. Ukishuka ufukweni, Igombe au Kayenze, utakuta dagaa wameanikwa, vichwa vya samaki vimezagaa karibu na mitumbwi, na korongo wale wenye mfuko shingoni wanasubiri zamu yao. Karibu na soko la Mwaloni harufu peke yake inatosha kumvuta mbwa kutoka mitaa ya mbali. Kila akishuka huko bila ruhusa na kuokota kipande cha panki, yaani mabaki ya sangara aliyeondolewa minofu, amelipwa. Ufukwe unamfundisha kutokuja, na unalipa papo kwa hapo.

Kwa waishio milimani, kwenye nyumba zilizojengwa katikati ya miamba, mshindani ni pimbi. Hapa watu hushangaa: mbwa huyu hajawahi kukamata pimbi hata mmoja, kwa nini haachi? Kwa sababu kukimbiza kwenyewe ni raha. Mbwa amerithi hamu ya kufukuza kinachokimbia, na ile mbio ndiyo malipo, kitoweo kipatikane kisipatikane. Huwezi kushindana nayo kwa kumpapasa kichwa na kumwambia "safi".

Ndiyo maana swali la kwanza la mafunzo ni malipo: una nini mkononi kinachozidi kile alichokiona kule? Mkazi wa kanda ya ziwa hana haja ya biskuti za dukani. Dagaa wakavu wana harufu kali, bei yake inavumilika, na wanakaa mfukoni bila kuoza. Chukua wasio na chumvi. Walioanikwa mchangani wapepete vizuri kwanza. Wa kwenye chanja ni safi zaidi. Usitumie vichwa vya sato wala mifupa mikubwa ya sangara, maana inaweza kumkwama kooni. Na mfundishe kabla ya mlo wa jioni, akiwa na hamu. Mbwa aliyeshiba ugali wa dona hana sababu ya kukukimbilia.

Mwito mpya

Kama jina la mbwa limeshachoka kwa kuitiwa mnyororo na fimbo, liache. Mpe mwito mwingine ambao hajawahi kuusikia ukitumika kwa jambo baya: mluzi wa namna fulani, neno fupi ambalo watu wa nyumbani hawalitumii ovyo, au filimbi kama ya mwamuzi wa mpira. Binafsi napenda filimbi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba filimbi haikasiriki. Mwaka 2016 watafiti wa Budapest waliwafundisha mbwa kutulia ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakakuta kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na furaha ya malipo iliamka pale neno la sifa lilipotamkwa kwa sauti ya sifa. Neno peke yake halikutosha, wala sauti peke yake. Mtu mwenye hofu kwamba mbwa atagongwa hawezi kuita kwa sauti ya furaha. Filimbi inatoa mlio ule ule siku zote.

Sababu ya pili ni upepo. Mchana, jua likishapasha nchi kavu, upepo hutoka ziwani kupanda mjini, usiku hugeuka. Ukisimama juu ya mteremko saa tisa alasiri ukamwita mbwa aliye chini ufukweni, unaita dhidi ya upepo, na sauti inayokwenda kinyume na upepo hupinda kuelekea juu na kupotea. Mlio mkali wa filimbi unajitahidi zaidi. Na ukiweza kuchagua pa kusimama, simama upande wa ziwa. Sauti yako itamfikia, na harufu ya dagaa mkononi mwako itakwenda nayo pia.

Anza ndani ya ua, mbwa akiwa hatua mbili tu kutoka kwako, tena akiwa tayari anakutazama. Piga filimbi, mpe dagaa. Usimwambie lolote, usimtake afanye lolote. Kwa siku chache za mwanzo kazi ni ya Pavlov peke yake, mlio uwe habari ya dagaa. Utajua umefika pale ambapo akiusikia tu anageuza shingo kwa nguvu na kuanza kukutafuta. Hapo sasa ongeza umbali kidogo kidogo: kutoka barazani hadi nyuma ya nyumba, wewe ukiwa umejificha nyuma ya tangi la maji.

Anapokuja, chuchumaa au rudi nyuma mbiombio. Mtu anayemwendea mbwa huku amemkazia macho anatisha. Mtu anayekwenda zake anafuatwa. Mpe malipo karibu kabisa na mwili wako, na kwa mkono mwingine gusa mkanda wake wa shingoni kabla dagaa hajaisha. Mbwa wengi huja hadi umbali wa fimbo kisha hucheza na kukwepa, kwa sababu wanajua mkono unafuata shingo na mnyororo unafuata mkono. Mguso ukiwa sehemu ya malipo, mchezo huo unakwisha.

Kisha mwachie aende. Hili ndilo jambo ambalo watu hulikataa nikiwaeleza, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukimwita mara kumi, mara tisa mlipe na umruhusu arudi alikokuwa, akanuse, akacheze. Kuja kwako kusimwondolee uhuru. Mara moja tu katika hizo kumi ndipo umfunge au umpeleke ndani, na hata hapo mlipe kwanza. Ikiwa lazima umwogeshe au umpake dawa, usimwite: mfuate alipo kwa utulivu umchukue. Mwito uulinde kama pesa taslimu.

Nje ya geti tumia kamba. Kamba ya katani au ya nailoni ya mita kumi inatosha, ncha moja ifungwe kwenye mkanda, nyingine iburuzike chini. Kazi yake ni moja: kuhakikisha mwito haushindwi. Kila mara unapopiga filimbi na mbwa akaendelea kunusa mpaka mwisho, amejifunza kwamba filimbi inaweza kupuuzwa. Ukiwa na kamba unamwita mara moja, unasubiri kidogo, asipogeuka unaikaza taratibu bila kumkwanyua, na akigeuka unashangilia na kumlipa. Bila kamba, ukiona moyoni kwamba hatakuja, usiite. Funga mdomo, mfuate.

Wala usirudie mwito mara sita. Mbwa anayeitwa "Simba, Simba, Simba, njoo, Simba njoo!" anajifunza kwamba mitano ya kwanza ni kelele. Hapa familia nzima inahusika, hasa watoto, ambao humwita mbwa kutwa kwa kufurahi tu na hawana cha kumpa. Waelezwe kwamba filimbi si ya kuchezea, kisha wapewe nao zamu ya kufundisha wakiwa na dagaa mkononi. Watoto ni walimu wazuri mno wa kazi hii. Hawaoni haya kushangilia.

Kutoka uani hadi ufukweni

Mbwa hapeleki somo mahali pengine kirahisi. Kilichofundishwa uani kimefungamana na uani: harufu zake, ukimya wake, wewe uliyesimama palepale. Kichochoroni ni somo jingine, uwanja wa mpira jingine, ufukwe jingine kabisa. Kila mahali papya rudi nyuma hatua mbili, fupisha umbali, ongeza malipo, kana kwamba unaanza upya. Kwa bahati nzuri kila mahali pa ziada huchukua muda mfupi kuliko pa kwanza.

Kwa ufukweni, fuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikijaa, taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Siku hizo vichanja viko wazi, mitumbwi imelala, harufu imepungua. Hapo ndipo pa kumpeleka mbwa anayeanza, na kamba yake. Giza likirudi na samaki kurudi, uwe tayari umeshalipa vya kutosha. Chagua sehemu isiyo na matete marefu, na usimruhusu kuingia majini kwa kufuata kitu ulichorusha. Mamba bado wapo katika baadhi ya sehemu za ziwa hili, na wewe utakayemfuata majini una kichocho cha kuogopa.

Mwito ukishashika, huna haja ya kulipa kila mara. B. F. Skinner, Mmarekani aliyeendeleza kazi ya Thorndike, alionyesha kwamba tendo linalolipwa mara moja moja bila ratiba inayotabirika hudumu kuliko linalolipwa kila safari. Kwa hiyo leo dagaa mmoja, kesho sifa tu, keshokutwa kiganja kizima. Lakini usiharakishe kufika hapo. Wengi huacha kulipa wiki ile ile mbwa anapoanza kuja, kisha wanashangaa mambo yakirudi nyuma.

Umri nao una neno. Mtoto wa mbwa anakufuata kwa asili, na majuma yake ya mwanzo, hadi kama majuma kumi na nne hivi, ndiyo anayopokea mambo mapya kwa urahisi zaidi. Ukimlipa dagaa kila akufuatapo, umefanya nusu ya kazi. Kisha akikaribia miezi minane anabalehe, na mbwa aliyekuwa mtiifu anajifanya hajui kitu. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2020 ulikuta mbwa wa umri huo wanamtii mlezi wao kwa shida kuliko walivyomtii wakiwa wadogo, ilhali mtu baki hawakumletea shida hiyo. Inapita. Rudisha kamba, endelea kulipa, usimchape. Mbwa mkubwa, hata wa miaka sita aliyezoea kuzurura, anafundishika vilevile. Daftari lake lina kurasa nyingi zaidi za kufunika, basi.

Nasikia mara nyingi hoja ya walinzi: mbwa akizoea kula mkononi hatakuwa mkali, na mwizi atampa sumu. Kukubali chakula cha mwenyewe hakumfundishi mbwa kupokea cha mgeni. Anayeokota chochote kilichorushwa ukutani usiku ni yule aliyelala na njaa. Na kuhusu ukali, mbwa anayemkabili mtu getini na asiyeweza kuitwa arudi atamng'ata mwizi leo na kesho fundi wa maji. Ukali usio na mwito ni hatari kwa mwenye nyumba.

Yako mambo ambayo dagaa hawatayashinda. Dume aliyenusa jike lenye joto hatarudi kwa filimbi ya mtu yeyote. Siku hizo afungwe, au zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi. Na mbwa aliyekuwa akija vizuri kisha akaacha ghafla apelekwe kuchunguzwa masikio kabla hujamlaumu, maana kupe na usaha hujificha humo. Mbwa wazee huanza kupoteza usikivu, nao hugeuka tu pale wanapokuona. Kwa ajili yao ambatanisha filimbi na ishara ya mkono tangu mapema, mkono mmoja juu kabisa kisha ushuke hadi gotini, uitumie kila siku pamoja na mlio wakati mbwa bado anausikia.